Ua la Kutu

Filbert Mwinuka alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi, kavaa koti jipya na tabasamu la zamani, akamwekea Sajenti Feliciana Sanga bahasha mezani.

"Kadi ya mwaliko, afande. Umenisumbua sana mwezi huu, basi na mimi acha nikulishe pilau."

Wapo watu wana uso mkavu, lakini huyu alizidi. Alikuwa mshukiwa pekee katika kifo cha mzee Alois, mlinzi aliyeungua ndani ya ghala la mbao la Filbert kule Makambako. Kwa mzee huyo walikuta ufunguo wa ghala umefungwa kiunoni kwa kamba. Kufuli lenyewe halikuonekana, si kwenye majivu, si mlangoni. Filbert alisema ghala halikufungwa, mzee alikuwa amekunywa pombe ya ulanzi akasinzia na moto wake wa mkaa. Feliciana alisema mtu mwenye njia ya kutoka hafii kwenye kizingiti, na kucha zake zimevunjika kwenye mbao za mlango.

"Nani anaoa?" aliuliza.

"Mimi. Jumamosi ijayo. Namchukua Lightness."

Lightness alikuwa shahidi wa Feliciana, na hakuwa na mwingine. Wiki iliyopita alimpigia simu kwa sauti ya chini: alimwona Filbert akilifunga ghala kwa nje, mzee Alois yumo ndani. Angefika Jumatatu kuandika maelezo. Jumatatu ikapita. Simu ikaita bila kupokelewa, kisha ukaja ujumbe: niko kwa shangazi Makambako, nafundwa, tutaonana harusini.

Kwamba walikuwa wachumba haikuwa siri, ndoa ilishatangazwa kanisani. Lakini ilikuwa iwe Desemba.

"Mbona imekuwa ghafla?"

"Baridi hii ya Njombe, afande, mtu unalalaje peke yako?" Filbert alicheka. "Familia zote zimeridhika. Hata Amon, mdogo wake Lightness, nimempa kazi kiwandani kwangu. Yuko kwenye msumeno mkubwa. Kijana mchangamfu, ila si mwangalifu. Huwa namwambia, shemeji, siku moja utaacha vidole hapa."

Alipoinuka aliona msumari uliopinda karibu na mguu wa meza. Akauokota, akautia mfukoni.

"Samahani. Sisi watu wa mbao chuma hatutupi."

Alipotoka Feliciana aliisogeza ile bahasha pembeni, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Mkuu wake alikuwa ameshamweleza hali ilivyo, na kwa bahati mbaya alikuwa sahihi. Sheria hailazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Wakishafunga ndoa, Lightness ataulizwa mahakamani kama anapenda kusema, atasema hapendi, na faili la Alois litarudi kabatini. Na mchumba wa mtu kukaa kwa shangazi kabla ya harusi si kosa. Bibi harusi hatembeitembei, kila mtu anajua hivyo. Niletee kitu cha kushika mkononi, mkuu alisema.

Kitu chenyewe kilikuwa chini ya kikombe.

* * *

Eveline aliingia kabla chai haijapoa. Alikuwa mwenzake Lightness katika duka la kadi karibu na stendi ya Njombe, na pia katibu wa kamati ya harusi. Alikaa bila kukaribishwa.

"Afande, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini mwenzangu simu yangu hapokei. Ujumbe anaonitumia ananiita Eveline. Tangu tufahamiane hajawahi kuniita hivyo, mimi kwake ni Eve tu."

"Huo si ushahidi, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na hii." Akatoa kadi yake, akaifungua bahasha. "Hii ni kazi ya mikono yake. Kuna watu Njombe nzima wanachelewesha harusi wakimsubiri Lightness awatengenezee bahasha. Unaijua siri yake?"

Feliciana alikiri kwamba haijui.

"Bitana." Eveline alipitisha kidole ndani ya bahasha, mahali palipopambwa kwa karatasi ya majani ya kijani na vidoti vya zambarau. "Nje bahasha inakuwa nyeupe, ya kawaida kabisa. Ukifungua tu ulimi wake, maua yanakutazama. Na bitana hii haibandikwi yote. Unatia gundi huku juu tu, kwenye ulimi, huku chini unaiacha huru, la sivyo ukikunja bahasha karatasi inafura na kufanya makunyanzi. Wanaoiga kazi yake wanabandika yote. Hii ameifanya yeye."

"Basi yuko mzima na anafanya kazi. Tushukuru."

"Afande, karatasi zetu za bitana ziko dukani. Zote. Rangi ya harusi yake alichagua dhahabu, karatasi ya dhahabu tumeiagiza Dar, imefika, ipo haijaguswa. Hii ya majani ameitoa wapi? Dukani kwetu haipo na haijawahi kuwepo. Na inanuka moshi."

Feliciana aliinua kikombe, akaichukua bahasha yake, akainusa. Moshi, kweli, na kitu kingine kikali chini ya moshi. Kwa kuwa bitana ilikuwa huru kwa chini, aliingiza kalamu akaivuta taratibu mpaka ikatoka. Upande wa nyuma ulikuwa na mistari iliyonyooka, mmoja mweupe, mmoja mweusi, na mahali pamoja palikuwa na tone gumu la rangi ya asali. Alilikwaruza kwa ukucha. Utomvu wa mpaina.

"Na hili ua je?" aliuliza.

Palepale chini ya ncha ya ulimi kulikuwa na alama ya mviringo, ya rangi ya kahawia, ina meno madogomadogo pembeni na katundu katikati.

"Watu wote wamelisifia," Eveline alisema. "Mjumbe mmoja wa kamati amesema ni mtindo wa kizamani, ndio unaorudi."

Feliciana alikuwa amekulia Makete, kwenye nyumba ya mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome ambazo mpasuaji hazihitaji. Mabanzi hayakutani vizuri, na upepo wa Makete hauna adabu. Kwa hiyo baba yake alikuwa anagongelea karatasi ukutani kwa ndani, karatasi yoyote iliyopatikana. Ili msumari usiichane, aliupitisha kwanza kwenye kizibo cha soda. Ukibandua karatasi hiyo baada ya miaka, nyuma inakuwa na mistari ya nyufa za mabanzi, na kizibo kinakuwa kimeacha alama yake ya kutu, na meno yake yote.

"Nipe na nyingine," alisema.

"Sina nyingine hapa. Mama yake anayo."

* * *

Mama Lightness, Anneth, alikuwa anakaa Mjimwema, nyumba safi yenye mahindi yamening'inizwa jikoni. Alifurahi kumpokea mgeni, na alipoombwa kadi ya mwanawe aliitoa kwenye kabati la vioo, ilikokuwa imesimamishwa mbele ya vikombe vya wageni.

"Tazama mikono ya mwanangu," alisema. "Yuko ndani anafundwa na bado ameweka nafasi ya kazi. Kila anayekuja hapa namwonyesha."

"Umeongea naye, mama?"

"Si anafundwa, afande. Nitaongea naye akitoka. Mimi mwenyewe nilifungiwa mwezi mzima, mama yangu hakuniona, na nikatoka nimenenepa."

Feliciana aliifungua bahasha ile. Majani ya kijani, vidoti vya zambarau, na chini ya ncha ya ulimi lile ua la kutu. Lilikuwa palepale, halikusogea hata kidogo. Kwenye ukuta misumari inagongwa ovyo, popote karatasi inapolegea. Bahasha moja ikiwa na tundu, ni bahati mbaya. Zote zikiwa nalo palepale, basi kuna mtu ameshika mkasi, akakata kila bitana kwa kulizunguka tundu, ili anayefungua aanze kuliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Alirudisha kadi. Alitaka kusema, akaona uso wa yule mama, akameza maneno yake na chai aliyopewa. Nje alimwambia Koplo Hilario, dereva wake, waende Makambako.

"Kwa shangazi?"

"Kwa shangazi. Tuanze na uongo wenyewe."

Njia nzima ukungu ulikuwa umekalia barabara, na Hilario aliendesha amewasha taa ingawa ilikuwa asubuhi. Shangazi Margareth aliwapokea kwenye geti, akawaingiza sebuleni. Nyumba ilikuwa ya matofali ya saruji, imepigwa rangi ya maziwa, dari la jipsamu, vigae sakafuni.

"Kamwene, mama. Tumekuja kumwona Lightness."

"Kamwene. Mwali haonwi, mwanangu. Yuko ndani."

Feliciana alitoa kanga mkobani. "Mpelekee basi hii, umwambie ni ya Feliciana."

Shangazi aliichukua kanga, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Akatoka.

"Amesema asante sana."

Feliciana alikuwa anatazama kuta. Alizipitia zote, sebule, ukumbi, jiko lenye mtungi wa gesi. Nyumba ile haikuwa na ukuta hata mmoja uliowahi kuona karatasi, wala moshi. Alimgeukia shangazi, akamwona ameikunja ile kanga chini ya kwapa, amesahau hata kuiacha huko chumbani. Wote wawili waliitazama.

"Mama, mimi sikukamati," Feliciana alisema. "Niambie tu yuko wapi."

"Sijui. Haki ya Mungu sijui." Macho ya yule mama yalijaa. "Niliambiwa nikiulizwa niseme yuko hapa. Nyumba hii ni ya Filbert, mwanangu. Mimi nitaenda wapi na uzee huu?"

"Ana nyumba nyingine? Ya mabanzi?"

"Ana kambi za wapasua mbao, huko misituni. Nyingi. Mufindi, Lupembe, mpaka mpakani huko. Hakuna mwanamke anayezijua."

Feliciana alirudi garini akakaa. Misitu ya mipaina kutoka hapo mpaka Lupembe unaweza kutembea siku nzima usione mwisho, na kambi ndani yake zinahama kila miti ikiisha. Akienda kumkamata Filbert sasa, atakaa kimya, na kimya chake kitakuwa ndio adhabu ya Lightness. Asipomkamata, Jumamosi itafika. Alijiona amebanwa kwenye kona, na hakuipenda hali hiyo hata kidogo.

"Afande," Hilario alisema, "njia anaijua yeye mwenyewe."

"Eeh. Basi atupeleke."

Akampigia Eveline.

* * *

Eveline alipiga simu yake mbele ya wateja dukani, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kamati. Baadaye alimsimulia Feliciana alivyosema.

"Bwana harusi, tumeaibika. Wageni wa Lugarawa na wale wa Lupembe hawajapata kadi, na mchungaji ameuliza. Nimeona nitumie bahasha tupu za dukani."

"Tumia," Filbert alijibu. "Bahasha ni bahasha."

"Sawa. Ila watu watauliza. Bibi harusi ndiye fundi wa bahasha, wengine wana maua na wengine hawana, watasema kuna nini. Nitawaambia wakuulize wewe."

"Usitume tupu. Nitaleta kesho."

Haikuchukua muda gari lake likatoka kiwandani Makambako. Feliciana na Hilario walikuwa wanasubiri kwenye kituo cha mafuta, ndani ya gari la raia. Walimfuata kwa mbali kurudi njia ya Njombe, wakampoteza kwenye ukungu, wakamwona tena alipokata kushoto kuingia barabara ya Lupembe. Hapo katikati yao akaingia lori la majani ya chai, likapanda mlima taratibu, na Feliciana akalishukuru kimoyomoyo. Kisha taa za nyuma za Filbert zikaacha barabara, zikazama kwenye mipaina.

Waliliacha gari. Chini kulikuwa na vumbi la mbao, laini, lenye maji, lisilotoa sauti. Simu ya Feliciana ilionyesha hakuna mtandao. Mbele yao, kati ya miti, kilionekana kibanda cha mabanzi kisicho na dirisha, na mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Kufuli lilikuwa limening'inia kwenye komeo, kwa nje.

Alimwashiria Hilario abaki kwenye kona, akasogea mpaka akasikia.

"Kata nyingine," sauti ya Filbert ilisema. "Kesho asubuhi nazitaka."

"Karatasi imeisha ukuta huu." Hii ilikuwa ya Lightness, kavu.

"Si kuna ukuta ule? Kwani unajenga? Kata."

Feliciana alilichukua kufuli kwenye komeo ili asije akafungiwa na yeye, akaingia.

Kwanza aliona kuta. Pande mbili zilikuwa zimevaa karatasi ya majani ya kijani, imefifia kwa moshi. Kwenye hizo nyingine mbili karatasi ilikuwa imekatwakatwa, na kila palipokatwa palibaki shimo la umbo lilelile, mraba wenye kilemba cha pembetatu juu, umbo la bahasha iliyofunguliwa. Yalijaa kutoka chini mpaka pale mkono wa mtu mfupi unapofika. Upepo ulipita kwenye nafasi za mabanzi. Lightness alikuwa amekaa juu ya gogo, amejifunika shuka, mkasi mkononi, na mbele yake bahasha nyeupe.

Filbert hakushtuka. Alishangaa kidogo, kisha akapanga uso wake.

"Afande. Umetufuata mpaka huku? Mchumba wangu ameomba sehemu tulivu amalizie kadi zake."

"Na kufuli la nje?"

"Wezi."

"Anayeogopa wezi hujifungia kwa ndani. La nje linamzuia nani?"

"Muulize mwenyewe basi." Alikunja mikono. "Muulize kama nimemfunga kamba. Muulize kama nimempiga."

Feliciana alichuchumaa mbele ya yule binti. Midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi.

"Lightness. Mimi ni Feliciana, uliongea na mimi kwenye simu. Mlango uko wazi. Gari lipo. Simama twende."

Lightness aliutazama mlango. Kisha alimtazama Filbert, mara moja tu, akarudisha macho kwenye karatasi.

"Niko salama, afande. Nimekuja mwenyewe. Najiandaa na harusi yangu." Na akaendelea kukata.

"Umeona?" Filbert alisema, kwa upole kabisa.

Hasira ilimpanda Feliciana mpaka masikioni. Amevuka ukungu, amefika, amefungua, na mtu hatoki. Bila kauli yake, hapa pana mwanamke mtu mzima anayekata karatasi kwenye kibanda cha mchumba wake. Ile milango anayoijua yeye ina bawaba. Huyu amefungiwa kwa kitu kingine, na kitu hicho hakimo humu chumbani. Alijiuliza kiko wapi. Akakumbuka kicheko cha asubuhi. Siku moja utaacha vidole hapa.

Alisimama, akatoka mpaka mlangoni, akamwita Hilario karibu, akasema kwa sauti ya kunong'ona. Hilario aliondoka mbio kupanda mlima kutafuta mtandao.

"Tunasubiri," Feliciana alisema, akakaa kwenye kizingiti.

"Tunasubiri nini? Mimi nina kazi."

"Kaa, bwana harusi. Una haraka ya kwenda wapi na baridi hii?"

Filbert angeweza kumruka. Alikuwa mrefu, na Feliciana alikuwa peke yake. Lakini mtu anayeshinda hapigani, na Filbert bado alijihesabu mshindi. Akakaa juu ya rundo la mabanzi. Mkasi uliendelea kulia kwenye karatasi. Nje ukungu ulisogea mpaka mlangoni.

Feliciana alijikuta anageuzageuza lile kufuli mkononi. Kufuli zito, la kizamani. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi. Aliupitisha ukucha kwenye mwanya, ukatoka na masizi, na upande mmoja shaba ilikuwa imegeuka rangi, buluu na zambarau, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Hili umelinunua wapi?"

"Dukani."

"Limeungulia dukani?"

Filbert alilitazama kufuli.

"Alois alikutwa na ufunguo kiunoni," Feliciana alisema. "Tunao kituoni, kwenye vielelezo. Tulitafuta kufuli lake mpaka tukachekecha majivu. Ulirudi ukalitoa kabla watu hawajafika, sivyo? Ungelitupa tu mtoni, Filbert. Lakini watu wa mbao chuma hamtupi."

Mkasi ulikuwa umenyamaza.

"Ufunguo haujajaribiwa," Filbert alisema polepole. "Na huyu hajasema kitu. Hatasema."

Lightness alijivuta ndani ya shuka. Feliciana hakumharakisha, ingawa alitamani kumshika mabega. Walikaa hivyo wote watatu, kila mmoja amemshikilia mwenzake kwa kitu ambacho mwingine hakioni, mpaka viatu vya Hilario viliposikika.

Alikuwa anahema. Alinyoosha simu yake, akabonyeza sauti aliyotumiwa.

"Dada, ni mimi Amon." Nyuma yake kulisikika vikombe, na mtu akicheka. "Niko kituo cha polisi hapa Makambako. Wamekuja kunitoa kazini, wamesema nikwambie niko hapa. Wamenipa chai. Sijui kuna nini, lakini niko mzima. Vidole vyote ninavyo, kama ndio unachouliza."

Lightness aliomba isikilizwe tena. Hilario akabonyeza. Ya pili ilipoisha aliweka mkasi chini, taratibu, akasimama kwa kushika ukuta wenye mashimo.

"Nilimwona akilifunga," alisema. Hakumtazama Filbert. "Mzee Alois alimkuta anamwaga mafuta ya taa, akaingia ndani kuokoa mbao za watu. Filbert akafunga nyuma yake. Mzee alikuwa anamwita kwa jina. Alisema, mwanangu Filbert, nimo humu. Na Filbert akaniambia nikisema, Amon atateleza kwenye msumeno, na msimamizi ataapa ni uzembe. Andika, afande. Nitasema popote."

Hilario alimfunga Filbert pingu. Hakuleta ubishi, na ule uso mkavu ulikuwa umekwisha.

* * *

Hilario alitangulia naye kwenye gari la doria lililopanda kutoka Njombe. Feliciana alimweka Lightness kiti cha mbele, akamfunika koti lake, akawasha joto la gari. Barabara ilikuwa nyeupe. Kwa muda mrefu binti alikula tu mkate uliokuwa garini, mpaka ukaisha.

"Karatasi ya bitana nilimwomba," alisema. "Akasahau kuileta. Nikamwambia nitatumia ya ukutani, akaona ni sawa tu, yeye shida yake ilikuwa kadi zitoke. Ndipo nikaona alama ya kizibo." Alimgeukia Feliciana. "Aliyeitambua nani?"

"Eveline alileta bahasha. Alama niliijua, kwetu Makete kuta zote zilikuwa nayo."

"Ni nyinyi wawili tu?"

Feliciana alibadilisha gia ingawa hapakuwa na haja.

"Niliiweka kwenye zote," Lightness alisema. "Nilijua mtu mmoja atajiuliza. Ya mchungaji ilikuwa nayo. Kamati yote ilikuwa nayo. Majirani. Ya mama niliikata kwanza, nikachagua tundu kubwa kuliko yote, kwa sababu nyumba ya bibi huko kijijini ilikuwa hivyohivyo, mama alizaliwa humo. Walisema nini, afande? Mama alisema nini?"

Taa za Njombe zilianza kuonekana kwenye ukungu. Feliciana aliona bora amwambie mwenyewe, kabla hajalikuta kabati la vioo.

"Walisema zimependeza," alisema.